Meno Manne ya Msikivu

Jumatatu, 4 Machi

Nashukuru nimeamka. Goti la kushoto nalo limeamka, baada ya kubembelezwa.

Daftari hili kanipa mjukuu wangu. Kasema, Bibi, una maneno mengi mno, mengine yaandike humu tupumzike. Nashukuru. Shule mimi sikuiona hata kwa mlango wa nyuma. Herufi nilijifundisha kwenye mashuka. Kila hospitali na kila hoteli hushona alama yake pembeni mwa shuka, na ukiyapiga pasi miaka thelathini na moja utajua kusoma hata kama umeapa hutasoma. Kuandika nilimalizia kwa huyu mjukuu, yeye akiwa darasa la kwanza na mimi darasa la jikoni.

Namwita Mke Mwenzangu. Marehemu babu yake alimpenda kuliko mimi, wala hakuficha. Nimemlea tangu ana miaka miwili. Leo ni fundi mitambo. Mwenye cheti cha muhuri! Tena tuko kiwanda kimoja cha kufulia, mimi chumba cha pasi, yeye popote penye waya. Yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio. Inaisha Ijumaa. Ijumaa hiyo anakuja Mkaguzi kutoka ofisi kuu. Akiridhika, mtoto anaajiriwa. Asiporidhika, mtoto anarudi nyumbani kunisaidia kukaa.

Kitu atakachokaguliwa ni kidude cha chuma, ukubwa wa mkate mzima, kimefungwa kwenye bomba la mvuke kati ya boila na rola zetu za pasi. Leo kimewashwa mara ya kwanza. Kazi yake ni kupunguza na kuongeza mvuke kwa amri ya mbali. Karani yuko zake ofisini, anabonyeza kompyuta, amri inapita kwenye waya, kidude kinatii. Hakuna tena mtu wa kugusa koki. Nimekipa jina Msikivu. Laiti marehemu angekuwa hivyo.

Mke Mwenzangu alinieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Msikivu ana njia tatu za kupokea amri. Anaweza kusikiliza mkondo wa umeme unaopita kwenye waya. Anaweza kusikiliza volti. Au anaweza asisikilize mtu, afuate kitufe chake mwenyewe cha ubavuni. Lazima umchagulie. Waya wetu unaleta mkondo, kwa hiyo kamchagulia mkondo, basi. Nikamwambia nimeelewa: hata mume ukitaka akusikie lazima ujue anasikia kwa njia gani. Akacheka. Nashukuru kwa kicheko kile.

Nyuma yetu alisimama Mzee Spana, mikono mgongoni. Huyu ndiye aliyekuwa akifungua mvuke kwa mkono, miaka ishirini na minane, kwa gurudumu la chuma na sikio lake. Alikuwa rafiki wa marehemu, ndiyo maana ananiita shemeji. Akasema, "Shemeji, kitu kisichotoka jasho hakijui kazi." Nikamjibu, ingekuwa jasho ndiyo kazi, yeye angekuwa meneja siku nyingi. Watu wakacheka. Akaondoka. Lakini jicho lake nimeliona. Lile jicho lina neno.

Saa kumi, kufunga kazi. Mitambo imezimwa. Nikampangusa Msikivu kwa kitambaa changu, nje na ndani. Sitaki mtoto wangu akaguliwe na vumbi. Ndani ya kifuniko nikakuta vijiswichi vinne, vidogo kama meno ya mtoto wa mwaka. Viwili juu, viwili chini. Pengo, jino, pengo, jino! Vijana wana haraka. Nikayapandisha yote juu, mstari mmoja, kama pindo la shuka. Sikusema kitu. Wema hautangazwi.


Jumanne, 5 Machi

Balaa!

Asubuhi boila linanguruma, rola ziko baridi kama salamu ya wifi. Mashuka yaliingia majimaji yakatoka majimaji. Karani alibonyeza kule ofisini mpaka kidole kikafa ganzi. Msikivu kimya.

Mke Mwenzangu akaukagua waya kutoka ofisini mpaka kwenye bomba, kwa magoti. Waya mzima. Kompyuta nzima. Mpaka saa tano ndipo akamfikia Msikivu mwenyewe. Alivyomtengeneza sikuona, nilikuwa nakamua mashuka na wenzangu na kulaani. Aliporudi, uso umemshuka. Akasema Msikivu alikuwa amewekwa njia ya tatu, ya kutomsikiliza mtu, na kitufe chake kiko sifuri. Njia husomwa pale tu mtambo unapowashwa, kwa hiyo jana ulifanya kazi na leo umegoma. Akasema labda ni yeye aliyekosea. Labda.

Yeye? Huyu anayehesabu vijiko kabla ya kula? Mkono wa mtu huo! Tena mkono wenyewe naujua. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi ni watu wa nguo.

Mpango wangu wa kwanza: kumfuata Mzee Spana mpaka nimshike. Saa saba alichukua kopo la mafuta akapinda nyuma ya boila. Peke yake! Nikajitosa ndani ya toroli la mashuka machafu, nikajifunika, nikachungulia kwenye tundu la turubai. Nikamwona. Anapaka mafuta gurudumu lake la zamani na kulisemesha. Analiambia, vumilia, vumilia, kila chenye mwanzo. Analibembeleza kama ng'ombe wa maziwa. Ushahidi gani mwingine nautaka?

Kutaka kutoka, goti likakataa. Na mara toroli likaanza kwenda! Mama wa mashine ya kufulia kaja kuchukua mzigo wake. Nikafikiri ataona uzito. Hakuona, ana mikono kama mlango. Mlango wa mashine ulipofunguliwa ndipo nikaita, "Dada, mimi si nguo!" Mayowe yake yalisikika mpaka ofisini. Na nani alikuja mbio kunitoa? Spana. Kaninyanyua kama mtoto, kaniuliza, shemeji, ulikuwa unatafuta nini humo? Nikasema kifungo. Nikamshukuru. Kwa midomo tu.

Nashukuru lakini mashine ilikuwa haijatiwa maji.

Saa kumi nikampangusa Msikivu. Meno yamerudi ovyo! Pengo, jino, pengo, jino! Inaonekana juu hayakai. Basi safari hii nikayashusha yote chini. Hata sisi wazee tukikaa chini ndiyo tunatulia.


Jumatano, 6 Machi

Leo, afadhali ya jana!

Mtambo umewashwa saa moja na nusu. Saa moja na dakika arobaini mvuke ukaja kama umetukanwa. Karani aliomba kidogo, Msikivu akatoa wote. Vali ya usalama juu ya boila ikafunguka na kupiga mbinja. Watu wakatoka nje, mmoja na kiatu kimoja. Hakuumia mtu, nashukuru sana, nashukuru tena. Lakini mashuka! Mia na ishirini ya hospitali yametoka rangi ya mkate uliosahaulika. Na harufu yake kila mtu anaijua.

Mke Mwenzangu aliuzima mtambo kwa mkono wake, hakukimbia. Nilimwona. Wanaume walikuwa wameshafika getini. Akamfungua Msikivu, akakaa mbele yake muda mrefu. Akasema amekuta njia ya volti. Waya unaleta mkondo, yeye anasikiliza volti. Anasikia kelele tupu, anadhani ameamriwa mwisho wa mwisho. Na akasema, kwa sauti ndogo, kwamba jana mchana aliweka mkondo. Ana hakika. Halafu akasema alidhani ana hakika.

Meneja aliingia mikono kiunoni. Meneja huyu nilimfundisha kukunja shuka alipokuja na suruali fupi ya mwanafunzi, kwa hiyo huwa hanitazami anapokasirika. Akasema taarifa ya mashuka mia na ishirini imeshatumwa kwa Mkaguzi, hana namna. Mtambo ukikosea tena mara moja, linarudi gurudumu la Mzee Spana, na binti tunamshukuru, tunamtakia heri. Tunamshukuru! Neno langu zuri limeokotwa likatumiwa kufukuzia mtoto wangu!

Mzee Spana alisikia. Hakucheka. Alitazama viatu vyake. Mnafiki mkubwa.

Jioni nyumbani mtoto hakula. Amekaa mezani na kitabu cha maelezo cha Msikivu, ukurasa ule ule. Akaniuliza, "Bibi, mtu anaweza kusahau kazi aliyoifanya kwa mikono yake?" Nikamwambia inawezekana, mimi hutafuta miwani nikiwa nimeivaa. Halikuwa jibu zuri. Niliona machozi yamejaa halafu yamerudishwa ndani. Akasema kama mikono yake haiaminiki, Ijumaa atamwambia Mkaguzi mwenyewe kabla hajaambiwa. Ni afadhali aondoke kwa miguu yake.

Nikampasha chakula mara tatu. Mara ya tatu akala vijiko vinne, kwa kunihurumia. Nashukuru kwa vile vinne.

Spana! Mtoto huyu nimemlea kwa mgongo huu. Utanitambua.

(Leo hata Msikivu sikumpangusa. Hasira zilinipeleka moja kwa moja nyumbani.)


Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi mtambo umewaka kama ndoto. Mvuke sawa, rola sawa, mashuka meupe. Mke Mwenzangu alitembea kwa kunyata kuanzia saa moja na nusu mpaka saa nne, kama mwenye mtoto aliyelala. Mimi nikajua sababu. Jana nilimtazama Spana vibaya getini. Kaogopa.

Lakini mwizi akiogopa leo ataiba kesho, na kesho ndiyo Ijumaa. Lazima ashikwe leo. Nikapata mpango. Mpango safi! Nilijisikia mwepesi.

Bluu ya kufulia. Ikiwa kavu ni unga tu, huuoni kwenye mkono mweusi wa mafuta. Ikiguswa na maji, uwongo umekwisha. Saa sita, wenzangu wakila, nilipaka unga kidogo kwenye kishikio cha kifuniko cha Msikivu, na mwingine ndani. Nilivaa mfuko wa plastiki mkononi. Sikuzaliwa jana.

Halafu nikaenda kwa Meneja. Nikamwambia kesho ana mgeni, na kiwanda cha usafi chenye mikono michafu ni aibu. Leo wakati wa kutoka, kila mtu aoshe mikono kwenye beseni getini, mbele yake. Akasema wazo zuri, asante Bibi. Kumbe nina kipaji cha uongozi!

Saa kumi, mitambo imezimwa, nikapita kwa Msikivu kuona kama mtego umeguswa. Sikuweza kujua. Ila nilipofungua, yale meno! Ovyo vile vile! Nikayanyoosha harakaharaka, nusu dakika, nikakimbilia getini.

Beseni liko tayari. Meneja amesimama. Watu arobaini kwenye mstari. Nikasema mimi ni mkubwa, natangulia niwe mfano. Nikazamisha mikono yote miwili.

Bluu! Bluu mpaka kwenye kiwiko! Kama nimechuma mbingu!

Nikawaambia msishangae, ni mimi niliyeutega unga kwa Msikivu, tena nimevaa mfuko mkononi, lazima uniguse. Wakaitikia. Ila mama wa mashine ya kufulia akauliza, si ulisema ulivaa mfuko? Nikamwambia anyamaze, maji yabadilishwe, mstari uendelee. Wakaosha. Karani, mweupe. Mama wa mashine, mweupe. Mzee Spana akakunja mikono ya shati, nikashika moyo. Akazamisha. Akatoa. Mafuta ya miaka ishirini na minane, lakini bluu hata tone!

Watu arobaini. Mwenye bluu mmoja.

Mke Mwenzangu alinisogelea. Akaniuliza taratibu, kama daktari anayejua jibu, "Bibi, ukimpangusa Msikivu, huwa unafanya nini kingine?" Nikamweleza kwa fahari, mbele ya watu wote. Kwamba huwa nampangia na meno yake. Jumatatu yote juu. Jumanne yote chini. Leo juu tena. Kwamba wao vijana huyaacha pengo, jino, pengo, jino, na mimi sikutaka kumwaibisha kwa kusema.

 Bomba lilikuwa likidondoka mahali, nikasikia kila tone.

Yale meno ndiyo ya kuchagulia njia. La kwanza na la tatu chini, la pili na la nne juu, anasikiliza mkondo. Yote juu, hasikilizi mtu. Yote chini, anasikiliza volti. Mke Mwenzangu alinieleza hivyo kwa upole. Ningependa angenipiga.

Meneja alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Sijui alikuwa anacheka au anaomba. Mzee Spana akaniletea sabuni ya mafundi, ile yenye mchanga, akasema alijua tangu Jumanne, aliniona nikinyoosha. Nikamwuliza kwa ukali kwa nini hakusema! Akasema, "Shemeji, nilidhani umetumwa na fundi. Halafu nilipojua hukutumwa, nikaona ukishikwa wewe utapigwa kalamu, na nyumba ile itabaki na nani?" Mchimba kisima huingia mwenyewe, na aliyenishushia kamba ndiye niliyemchimbia. Nilimshukuru. Safari hii si kwa midomo.

Tukarudi nyumbani na Mke Mwenzangu. Tulipofika, nikamwambia kesho asubuhi nitamweleza Mkaguzi kwamba ni mimi. Akakataa. Akasema mtambo unaoweza kuharibiwa na bibi mwenye kitambaa ni kosa la fundi: alitakiwa kufunga kifuniko kwa kufuli na kubandika karatasi. Halafu akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema, "Bibi, kwa hiyo mikono yangu ni mizima!" Akala sahani mbili.

Nashukuru, nashukuru, nashukuru. Mkono bado bluu.


Ijumaa, 8 Machi

Leo siku yenyewe.

Mke Mwenzangu alifika kabla ya boila. Akayarudisha meno pahala pake, akafunga kifuniko, akatia kufuli, akabandika karatasi: USIGUSE. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa zaidi: HATA WEWE BIBI. Nimeweza kuisoma bila miwani. Nikaapa nitakaa hatua kumi. Nilizihesabu. Nikachora mstari kwa chaki, nikasimama nyuma yake na taulo langu mkononi.

Mkaguzi ni mtu mrefu, mkimya, kalamu tatu mfukoni. Karani akaomba mvuke kidogo. Msikivu akatoa kidogo. Akaomba mwingi, akatoa mwingi. Mtoto anaeleza, sauti haitetemeki. Nikawa nahesabu pumzi zake badala ya zangu. Mkaguzi akaomba funguo, akafungua kifuniko, akachungulia.

Halafu akashika waya wa amri. Akauchomoa!

Sikumbuki kuvuka mstari. Hatua kumi ni nyingi kwa goti langu lakini goti lilikwenda. Nilimchapa mkono kwa taulo, taulo lenyewe limelowa. Nikamwambia ana umri wa kutosha kujua haiguswi, hajui kusoma karatasi? Kalamu zote tatu zikaanguka.

Meneja alifumba macho. Mimi nikaona taa nyekundu imewaka juu ya Msikivu na mvuke unashuka, shhh, taratibu, mpaka ukafunga. Nikajua tumekwisha. Nimemmaliza mtoto mimi mwenyewe, kwa taulo.

Mke Mwenzangu akaokota kalamu, akampa. Akasema, kama hakuna kilichotokea, kwamba hicho ndicho alichotaka kuonyesha. Amri yetu ya chini kabisa, kwa kipimo cha mkondo, si sifuri, ni nne. Ya juu ni ishirini. Ofisi ikisema nne maana yake "nipo, sitaki mvuke." Waya ukikatika inakuwa sifuri, na sifuri si amri, ni ukimya. Kwa hiyo Msikivu anajua tofauti ya bwana aliyesema hapana na bwana aliyekufa. Akisikia ukimya anafunga mvuke na kuwasha taa, hachomi shuka hata moja. Ndiyo sababu alichagua mkondo, hakuchagua volti.

Mimi sikuwahi kuambiwa hilo! Jambo zuri vile! Marehemu alipokuwa hajibu, miaka yote ile, mimi nilidhani ni sifuri. Kumbe ilikuwa nne.

Mkaguzi akaandika. Akauliza kuhusu mashuka mia na ishirini. Mtoto akajibu kwamba njia ilibadilishwa kwa sababu yeye hakufunga kifuniko. Kosa ni lake, na sasa kimefungwa. Hakunitaja! Nikainua mkono juu, bado una bluu, nikasema ni mimi, mimi hapa, nilipanga meno. Mkaguzi akanitazama, akatazama mkono, akatazama karatasi: HATA WEWE BIBI. Akauliza kama Bibi ndiye huyu. Watu arobaini wakajibu kwa pamoja, ndiye huyu.

Kisha akamgeukia Mzee Spana. Akamwuliza, wewe mwenye uzoefu, gurudumu lako lilikuwa bora zaidi? Nikakata tamaa. Hapo ndipo ningekuwa mimi ningelipiza.

Spana akavua kofia. Akasema sikio lake la kushoto limekufa mwaka wa tatu huu. Hasikii mvuke. Amekuwa akibahatisha, na kila asubuhi kabla ya kugeuza gurudumu alikuwa akiomba asiunguze mtu. Hakumwambia yeyote. Akasema kifaa hiki kimempa usingizi. "Huyu binti mwacheni," akasema. "Na mimi anifundishe hizo taa."

Miaka mitatu mtu anasali kwa gurudumu la chuma nyuma ya boila, na mimi nimejaa kwenye toroli namtafutia hatia! Nilikwenda nikasimama upande wake wa kulia ili asikie. Nikamwambia, shemeji, nisamehe. Akasema sauti yangu hata upande uliokufa unaisikia.

Saa nane Meneja alituita. Barua ina muhuri. Mke Mwenzangu ameajiriwa! Kuanzia leo! Mkaguzi kaandika kwamba kazi ni nzuri na kwamba kifuniko kidumu kufungwa "kutokana na mazingira." Mazingira ni mimi. Nashukuru kutajwa.

Alinikumbatia hapo hapo, mbele ya boila, akaniacha doa la mafuta begani. Sitalifua.


Jumamosi, 9 Machi

Nashukuru nimeamka kwenye nyumba yenye fundi aliyeajiriwa. Hata chai imechemka haraka.

Asubuhi Mke Mwenzangu alinikalisha kitako. Akanishika mikono yote miwili, akaniomba nimwahidi, kwa jina la babu yake, kwamba sitagusa tena kitu chochote chenye waya. Nikaahidi. Nikarudia. Ahadi ni ahadi, nami si mtu wa kuvunja neno. Nimejifunza mengi wiki hii. Nimejifunza kwamba usipoelewa kitu usikiguse, uulize kwanza. Niliiandika nyuma ya daftari, kubwa.

Leo tumefanya kazi mpaka saa sita tu. Meneja kafurahi mno na Msikivu, kaagiza ndugu zake wawili kwa ajili ya chumba cha kukaushia. Maboksi yamefika, yako stoo. Jumatatu mtoto anaanza kuyafunga, naye Mzee Spana atamsaidia, sikio la kulia mbele.

Nilipita stoo kuwasalimu tu. Boksi moja lilikuwa wazi. Sikugusa waya! Waya niliusogeza kwa fimbo ya ufagio. Lakini pembeni nikakuta skrubu. Vimfuko kumi na viwili vya plastiki, kila kimoja na skrubu chache, ndefu huku, fupi kule, nyingine zina vichwa bapa, na kila kimfuko kina herufi na namba yake. Mtoto wa watu akae anachana vimfuko kumi na viwili? Na mikono yake ile?

Skrubu hazina waya.

Nimezifungua zote. Nimezimimina kwenye kopo moja kubwa, nikatia mafuta kidogo ya Mzee Spana, nikatikisa mpaka zikang'aa kama samaki. Vimfuko nimevitupa. Kopo nimeliweka juu ya rafu, na kitambaa safi juu yake, chenye pindo.

Jumatatu akifungua! Sitasema kitu. Nitasimama tu mlangoni nimwone uso.